Bahari Nayo Hukorogwa: Tuchunguze Kabla ya Kupanda Mwani



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama huko Kwale, tulikuta masikitiko. Walikuwa wametoa akiba yao yote kununua kamba na vigingi, wakapanda mwani pahali palipotulia kabisa, maji kama ya kisimani. Walidhani wamepata shamba la raha. Haukupita muda mwani ukawa mweupe, ukakatika vipande vipande. Wimbi halikuwasumbua hata siku moja, na hapo hasa ndipo taabu ilipokuwa.

Wimbi ni nini?

Wengi wetu hudhani wimbi ni maji yanayosafiri. Sivyo. Tupa nazi baharini, mbali na pale mawimbi yanapovunjika. Itapanda, isogee mbele kidogo, ishuke, kisha irudi karibu pale pale. Kinachosafiri ni nguvu ambayo upepo umeyapa maji. Maji yenyewe huzunguka kama gurudumu, na kadiri unavyokwenda chini ndivyo mzunguko unavyopungua. Chukua umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa linalofuata, ugawe kwa mbili. Ikiwa ni mita 20, basi kwenye kina cha mita 10 wimbi hilo karibu halisikiki tena.

Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao umevuma, na upana wa bahari uliovumia.

Kikombe cha chai

Bahari si maji ya namna moja toka juu hadi chini. Jua hupasha maji ya juu, yakawa mepesi, yakakaa juu ya yale ya baridi. Viumbe wakifa huzama na kuoza, kwa hivyo mbolea nyingi iko chini, na mwanga uko juu. Ni kama chai ambayo sukari imelala chini ya kikombe. Bila kijiko, unakunywa chai chungu.

Kijiko cha bahari ni upepo, mawimbi, na maji kujaa na kupwa. Kusi, ambayo huvuma toka Aprili au Mei hadi Septemba hivi, hukoroga kwa nguvu na maji hupoa. Wakati wa kaskazi maji huwa na joto zaidi, na kati ya Machi na Aprili, upepo unapogeuka, bahari hutulia na joto hupanda sana. Ilikuwa majira kama hayo mwaka wa 1998, matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa.

Mwani hula nini?

Mwani hauna mizizi ya kutafuta chakula ardhini. Hula kutoka kwa maji yanayougusa. Maji yakisimama, chakula hicho huisha, kama vile ng'ombe aliyefungwa kwa kamba fupi anavyomaliza majani yaliyomzunguka. Joto nalo likizidi, mwani hudhoofika, hupata weupe na kukatika. Aina ya kotonii huumia upesi kuliko spinosamu.

Lakini tusikimbilie mawimbi makali pia. Kusi ikichachamaa hukata kamba na kung'oa vigingi. Ndiyo sababu mwamba ni ukuta wetu. Uchunguzi wa mwaka wa 2014, uliokusanya taarifa za miamba ya matumbawe ya nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba miamba hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Anayevunja mwamba anabomoa ua la shamba lake mwenyewe.

Kikundi kifanye nini?

Wataalamu wana vyombo vinavyoelea vyenyewe, vinavyozama hadi mita 2,000 na kurudi juu kila baada ya siku 10 hivi, vikituma habari za joto na chumvi kwa setilaiti. Sisi hatuna hivyo, lakini tunaweza haya:

1. Wekeni daftari. Kila mara mkienda shambani, andikeni upepo unatoka wapi, maji yana joto gani (kipimajoto cha kawaida kinatosha), na hali ya mwani.

2. Pimeni mwendo wa maji. Korogeni plasta nyeupe ya unga, mwage katika vikombe vinavyolingana ili mpate madonge sawa. Yakikauka kabisa, pimeni uzito wa kila moja. Fungeni machache katika kila pahali mnapofikiria kupanda, siku moja na kina kimoja. Baada ya saa 24 yatoeni, yakaushwe vizuri, mpime tena. Pale yalipoyeyuka zaidi ndipo maji yanapotembea zaidi.

3. Pandeni kamba chache kwanza, katika pahali mbili au tatu. Msiweke akiba yote pahali pamoja. Fuatilieni kusi na kaskazi zote mbili kabla ya kupanua shamba.

Shamba zuri ni pale maji yanapotembea bila kupiga: nyuma ya mwamba, na pahali ambapo maji yakipwa mwani haubaki kwenye kidimbwi cha moto.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

- Ni pahali gani pwani yetu ambapo maji hayatembei? Wazee wanapaitaje, na wanasemaje juu yake?
- Ni miezi gani mwani wetu umewahi kuharibika? Upepo ulikuwa upi?
- Nani kati yetu ataweka daftari, na nani atamsaidia?