Jiko la spiriti ni rahisi kununua, gharama imo kwenye chupa

MFANYABIASHARA anayefikiria kuuza vifaa vya kambi kwa watalii na vijana wanaopanda milima ya Usambara au Uluguru, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya jiko. Swali hilo halitoshi. Kama ilivyo kwa mashine ya kusaga, bei ya kununulia ni jambo moja, na gharama za kuendeshea ni jambo jingine.

Seti nyepesi ya mtu mmoja ina vitu vichache: kichomeo cha spiriti, mafiga ya waya, kikinga upepo cha bati jembamba, sufuria ya alumini ya lita moja yenye mfuniko, chupa ya mafuta, kijiko na kiberiti. Kampuni ya Trangia ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1925, imejenga jina kwa majiko ya aina hii. Lakini kichomeo kinachofanya kazi kinaweza pia kutengenezwa kwa makopo mawili ya soda, na kisizidi gramu 20.

Hapo ndipo mnunuzi huvutiwa, na hapo ndipo hesabu inapohitajika. Kilo moja ya spiriti hutoa joto la megajuli 27 hivi, wakati kilo ya gesi hutoa karibu 46. Kwa hiyo spiriti huisha upesi zaidi.

Tuchukue mfano wa msafiri anayechemsha nusu lita ya maji mara tatu kwa siku. Atatumia takriban gramu 60 za spiriti, au gramu 25 za gesi. Kichomeo cha kopo, mafiga, kikinga upepo na chupa tupu vina gramu 85 hivi. Kichomeo cha gesi na kopo lake tupu, gramu 240. Kwa safari ya siku tatu, mwenye spiriti anaanza na gramu 265 na mwenye gesi 315. Kwa siku saba, spiriti inafika gramu 505, gesi 415. Faida ya spiriti inakwisha baada ya siku ya nne.

Ushauri kwa muuzaji ni kwamba amuulize mteja kwanza anakwenda siku ngapi. Wa mwisho wa wiki auziwe spiriti. Wa wiki nzima, au kundi kubwa, aelekezwe kwenye gesi.

Kuna soko jingine. Abiria wa ndege haruhusiwi kusafiri na spiriti ya jiko wala makopo ya gesi, hivyo mgeni hana budi kununua mafuta akishafika. Jiko huuzwa mara moja, spiriti huuzwa kila safari. Hata hivyo, angalia lebo kabla ya kununua shehena. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi na huwaka kwa shida. Tafuta ya asilimia 90 au zaidi.

Usiipime kwenye chupa za maji ya kunywa, kwani spiriti iliyochanganywa na methanoli hupofusha na kuua. Mweleze mteja pia kwamba mwali wake hauonekani vizuri mchana, na asiongeze mafuta kabla kichomeo hakijazimika na kupoa. Mteja aliyeungua harudi dukani.