Kirusi cha Papiloma si cha Akina Mama Peke Yao

Mara nyingi mama akiambiwa ana kirusi cha papiloma, yaani HPV, lawama humwangukia yeye peke yake. Hiyo si haki. Watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani maishani, wake kwa waume. Majumuisho ya tafiti za nchi nyingi, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kwamba karibu mwanamume 1 kati ya 3 wa miaka 15 na zaidi anacho sehemu za siri. 1 kati ya 5 ana aina za hatari. Wengi hawaoni dalili yoyote.

Aina zake zapita 200, na nyingi hutoweka zenyewe. Namba 16 na 18 ndizo huleta takriban asilimia 70 ya saratani ya shingo ya kizazi. Kirusi chaweza kukaa kimya miaka mingi. Kukikuta leo si ushahidi wa uzinzi wa jana.

Tufanyeje? Akina mama, nendeni mkapimwe hata kama hamuumwi. Wazazi, wapelekeni mabinti wakachanjwe. Tanzania yote chanjo ilianza mwaka 2018. Akina baba, wasindikizeni wake zenu badala ya kuwashutumu. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika.