Kukiambia Chombo Lugha ya Programu

Muhula huu mimi na mwenzangu wa Kidato cha III tulipewa na Mwalimu wetu wa Hesabu kazi ya kuandika programu ya kujumlisha alama za mtihani. Tuliiandika kwa lugha ya Python. Mwenzangu alishika sehemu ya kupanga majina kwa nafasi, nami sehemu ya kutafuta jina la kila mwanafunzi. Programu ilikwenda, lakini kwa uvivu: kila aliposahihishwa mtu alama moja tulingoja karibu nusu dakika, na siku ya wazazi ilikuwa imekaribia. Nilimlaumu mwenzangu mbele ya wengine, naye akanyamaza.

Mwalimu alitushauri tuipime kwa perf, chombo kilichoanza kutolewa pamoja na Linux mwaka 2009. Chombo hiki huichungulia programu mara nyingi kila sekunde (sisi tulikiagiza mara 99), na kila mara huandika ni kifungu gani cha maagizo kilichokutwa kazini. Kikutwacho mara nyingi ndicho kilacho muda.

Tulistaajabu. Hapakuwa na jina hata moja tulilolitunga sisi! Juu kabisa palikaa _PyEval_EvalFrameDefault, jina ambalo hata kulitamka ni taabu. Sababu ni kwamba kompyuta haiisomi Python yenyewe. Husomewa na mkalimani, na mkalimani huyo ameandikwa kwa lugha ya C. Perf ilimwona mkalimani akihangaika, isijue anasoma nini. Ni kama mtu achunguliaye darasa kwa dirishani, akaona mwalimu anasema lakini asisikie ni somo gani.

Tangu Python 3.12, iliyotolewa mwaka 2023, dawa ipo. Tuliianzisha programu kwa kuandika python3 -X perf, na perf yenyewe tukaiongezea -g ili ionyeshe kifungu kipi kimekiita kipi. Hapo mkalimani huandika katika faili la pembeni kila kifungu cha Python kimekaa wapi, na perf hulisoma.

Safari hii tuliyaona majina yetu. Sehemu ya mwenzangu haikufika hata moja katika mia. Mlaji alikuwa tafuta_jina, kifungu changu mimi: kwa kila alama kililifungua upya faili la majina yote 640 na kulisoma toka juu. Nikalisoma mara moja tu mwanzoni, majina nikayaweka katika kamusi, na kungoja kukaisha. Mwenzangu nilimwomba radhi mbele ya wale wale.