KUIZOEA PIKIPIKI MPYA

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya pikipiki, na hasa juu ya siku za kwanza za mtu aliyeinunua. Zamani hapa Tanga chombo cha watu wengi kilikuwa baiskeli. Siku hizi kijana wa Usagara akipata fedha kidogo, jambo la kwanza alitakalo ni pikipiki, ama kwa safari zake, ama apate riziki ya kuchukua abiria. Jambo hilo ni jema. Lakini wengi hudhani kwamba ajuaye baiskeli amekwisha jua pikipiki. Dhana hiyo imewavunja wengi miguu.

Baiskeli huenda kwa nguvu zako mwenyewe. Ukichoka, nayo huchoka. Pikipiki ina nguvu zake yenyewe, nawe kazi yako ni kuzitawala. Basi, anza bila ya kuwasha mtambo. Ikalie, miguu yote miwili ikanyage chini, upime uzito wake. Kisha ishuke, uikokote huku na huku, uizungushe. Mtu asiyeweza kuikokota pikipiki yake bila ya kuiangusha hajawa tayari kuipanda.

Baada ya hayo, jifunze kazi ya kila kiungo. Katika pikipiki za gia zilizo nyingi kwetu, mkono wa kushoto hushika klachi, na mguu wa kushoto hubadilisha gia. Mkono wa kulia huongeza mafuta na kushika breki ya mbele. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Mpango wa gia si mmoja kwa pikipiki zote. Kwa hiyo usiitegemee desturi ya pikipiki ya jirani yako, bali uliza na ujaribu.

Sasa nenda katika uwanja mtupu asubuhi mapema. Tia gia ya kwanza, uiachie klachi polepole sana, mpaka usikie pikipiki yataka kwenda. Hapo ishike kidogo, kisha uendelee kuiachia. Anayeiachia ghafula, ama mtambo huzimika, ama pikipiki huruka kama punda aliyechomwa. Fanya hivyo mara thelathini, hata mkono ujue wenyewe bila ya kuamriwa. Na upindapo, tazama mahali unapotaka kwenda, wala usilitazame shimo unaloliogopa. Kwa kuwa pikipiki hufuata macho.

Jambo la tatu ni breki. Wengi huiogopa breki ya mbele, wakaitumia ya nyuma peke yake. Hilo ni kosa. Mmepata kupanda basi: dereva akifunga breki, abiria wote huinamia mbele. Vivyo hivyo uzito wa pikipiki huhamia gurudumu la mbele, na hilo ndilo lenye nguvu zaidi ya kuisimamisha. Tumia breki zote mbili pamoja, ukizidisha nguvu taratibu. Lakini penye mchanga, kama njia zetu nyingi za pwani, au barabara iliyolowa mvua, punguza mwendo kabla hujafika. Ukishaingia, usibane breki ya mbele kwa nguvu. Tena kumbuka kwamba tairi mpya huteleza zaidi siku za kwanza.

Fikirini hesabu hii. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mtoto akitokea ghafula, kabla mkono wako haujaigusa breki, umekwisha pita mita hizo au zaidi. Na mwendo ukiwa maradufu, nafasi inayotakiwa baada ya breki kushika huwa mara nne.

Labda mtu atasema, "Mimi fundi, sihitaji kofia ngumu." Na asikie habari ya Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni. Alikuwa mpanda pikipiki hodari wa miaka mingi. Mwezi wa Mei 1935, huko Uingereza, alikutana ghafula na vijana wawili wa baiskeli. Alipowakwepa alianguka, akaumia kichwa, naye hakuvaa kofia. Baada ya siku sita alikufa. Mmoja wa madaktari waliomtazama, Hugh Cairns, alihuzunika, akachunguza ajali za askari wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akatangaza faida ya kofia ngumu. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walionyesha mwaka 2008 kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha 42 katika mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 katika mia. Basi ivae, uifunge na ukanda wake. Kofia iliyotundikwa mkononi haikingi kichwa.

Mwisho, usimchukue abiria mpaka barabara ya Pongwe na Muheza umeizoea peke yako. Abiria hubadilisha uzito wote: kupinda kwawa kugumu, na kusimama kwataka nafasi kubwa zaidi. Huyo aliyekaa nyuma yako hana usukani wala breki. Ana wewe tu. Pengine ni mama yako. Jifunze kwanza, kisha umwite apande.