Imani Kwanza, Lakini Mkono Je?

Kijana wa Pwani aliyejaaliwa riziki ya usukani hupakia shehena Kilindini na, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900, huipita Amagoro na kufika Malaba, penye mpaka wa Uganda. Huko mamaye hamwoni, wala imamu wa mtaa wao hamjui. Pana foleni ya malori, wabadilishaji fedha wenye shilingi za nchi mbili, na kando ya kituo cha forodha, njia za panya. Hapo ndipo malezi tuliyompa yanapotiwa mizanini.

Maadili ya vijana wetu yamewahi kupimwa kwa takwimu. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilitangaza matokeo ya uchunguzi wa vijana 1,854 wa Kenya, wenye umri wa miaka 18 hadi 35. Zaidi ya asilimia 80 walisema wanathamini imani kwanza. Alhamdulillahi. Lakini nusu yao waliona si kitu mtu apatavyo mali, maadamu hafungwi jela. Na asilimia 35 walikuwa tayari kutoa au kupokea rushwa.

Waliohojiwa walikuwa wa dini mbalimbali, ila tusikimbilie kusema hao ni watoto wa wengine. Ulimi hujibu ulichofundishwa chuoni. Mkono hujibu ulichozoea nyumbani.

Waliotutangulia walilijua hilo. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Sayyidna Umar akamwuliza kama ni jirani yake, kama amepata kusafiri naye, na kama wameamiliana kwa dinari na dirhamu. Yote alijibu la. Basi akaambiwa kuwa hamjui mtu huyo. Labda amemwona msikitini tu, akiinama na kuinuka katika sala.

Ujirani, safari na fedha: dereva wetu aliyeko Malaba anakutana na yote matatu kwa siku moja. Lakini mizani hiyo haianzii mpakani. Huanzia siku mtoto alipotumwa dukani akarudi na chenji iliyozidi, nasi tukanyamaza. Huendelea pale pesa zinapoingia simuni kutoka kwa kijana wetu, zikiwa nyingi kuliko mshahara wake, nasi tukamwombea dua bila ya kumwuliza zimetoka wapi.

Suratul Mutaffifin yaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Nasi wazazi tunapunja tunapompima mwana kwa sala zake peke yake, tukaacha kuitazama amana yake. Wiki hii, kila mmoja wetu mwenye kijana safarini na ampigie simu. Amwulize amekula nini, kisha amwulize, kwa upole, amekula cha nani.

Mola atujaalie riziki ya halali, sisi na vizazi vyetu. Amin.