Barua Halali Inaporudishwa Mlangoni

Mwaka jana, siku tatu kabla ya mkutano mkuu wa chama chetu cha kuweka na kukopa, mama mmoja alinipigia simu. "Katibu mwanangu, taarifa ya hesabu mbona sijaiona?" Nikamwomba afungue folda ya barua taka. Akanyamaza, nikamsikia akihema. "Ipo huku. Imebanwa kati ya mtu anayeniahidi urithi na mwingine anayeuza dawa za kupunguza mwili."

Afadhali yeye. Kwa wengine barua hazikufika kabisa. Zilinirudia na namba 550 pamoja na sentensi moja ya Kiingereza: anwani iliyotuma imo kwenye orodha ya wanaozuiwa.

Chama kina wanachama 140 na hakijawahi kumtumia mtu tangazo. Kosa letu ni ujirani. Tumekodi nafasi ya bei nafuu kwenye seva inayobeba tovuti nyingi, na barua za wote hutoka kwa anwani moja ya IP. Mteja mmoja alikuwa ameibiwa nywila, wezi wakatuma takataka usiku kucha. Waliowahi kuishi nyumba ya kupanga watanielewa: mpangaji mmoja akijiunganishia umeme wa wizi, giza huingia vyumba vyote.

Sisemi vizuizi viondolewe. Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alipotuma tangazo kwa barua pepe kwa watu wapatao 400 tarehe 3 Mei 1978, lilikuwa jambo geni. Utaratibu wa kutuma barua pepe uitwao SMTP, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ulimwamini mtumaji. Yeyote aliweza kujiita jina lolote. Matapeli walipojaa, Paul Vixie alianzisha orodha ya anwani chafu mwaka 1997, na mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka. Barua ikibisha hodi, seva inayopokea huiuliza orodha, hujibiwa papo hapo, kisha hufungua mlango au huufunga. Bila kazi hiyo barua pepe ingekuwa imekufa zamani, na wazee wetu wangetapeliwa kila siku.

Kinachoniuma ni namna mdogo anavyohukumiwa. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti. Anayetuma barua nyingi, kwa Google zipatazo 5,000 au zaidi kwa siku, lazima awe na SPF, DKIM na DMARC. Sisi wadogo tunadaiwa angalau SPF au DKIM. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako. DKIM ni muhuri unaothibitisha kwamba barua haikuchezewa njiani. DMARC huieleza seva inayopokea la kufanya barua ikishindwa vipimo hivyo. Ni masharti ya haki. Kijana mmoja alikaa nami jioni nzima tukiandika mstari unaoanza na v=spf1, tukaufuta, tukauandika upya, mpaka ukakubali.

Lakini lipo sharti jingine: malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Kampuni inayotuma barua milioni moja inaweza kuudhi watu karibu 3,000 na bado ikapita. Kwetu sisi mwanachama mmoja tu akibonyeza kitufe cha kuripoti taka, tayari ni asilimia 0.7. Mzee wetu mmoja alikibonyeza kweli, akidhani ndiyo njia ya kufuta barua aliyokwisha kuisoma. Na chombo cha Google cha kutazamia kiwango hicho hakionyeshi takwimu kwa mwenye barua chache. Unapimwa kwa mizani usiyoiona.

Orodha za kuzuia nyingi zina fomu ya kuomba kuondolewa, nasi tuliondolewa. Kwa kampuni zenye makasha ya barua ya wanachama wetu, nilijaza fomu mara nne. Mara zote ilijibu mashine. Ukichoka, ushauri unaopewa ni uhamie kwa kampuni kubwa, ulipe kila mwezi. Ndivyo barua pepe, ambayo mtu yeyote mwenye seva yake aliweza kuiendesha, inavyozidi kuangukia mikononi mwa wachache.

Mkutano wetu haukutimiza akidi. Tuliurudia wiki mbili baadaye, taarifa zikapelekwa kwa bodaboda, kila aliyepokea akitia saini kwenye daftari. Mwaka huu nimetuma tena kwa barua pepe, kisha nikakaa na simu nikiwaandikia mmoja mmoja kwenye WhatsApp: "Shikamoo, nimekutumia taarifa ya chama. Usipoiona, tafadhali itafute kwenye taka."