Mashua za Barafuni

Ninyi wa Izigo mwajua ndugu wanavyoshindana ziwani, kila mmoja akitaka mtumbwi wake ufike ufukoni kwanza. Huko Marekani, mto Hudson ukiganda kwa baridi kali, watu hushindana juu ya barafu kwa mashua za tanga zenye vyuma vyembamba chini. Franklin Roosevelt, aliyepata kuwa Rais mwaka 1933, alikuwa na Hawk, futi 28, zawadi ya mama yake. Amu yake John alikuwa na Icicle, futi 69! Upepo ukivuma ubavuni, mashua huupita kwa mbio, maana barafu haizuii chombo kama maji yazuiavyo. Lakini kwanza barafu hutobolewa, ipimwe unene: ikiwa nyembamba, mashua huzama pamoja na watu.